Nikiwafuata samoni: wiki mbili Seattle na mto Elwha

Nilirudi Musoma Novemba 2023 na daftari lililolowa kona moja, picha 611 kwenye simu na kikohozi kilichokaa nami hadi Krismasi. Wengi mmeniuliza nilikwenda Marekani kufanya nini, na nikijibu "kuangalia samaki" mnacheka. Basi haya ndiyo niliyoyaona, siku kwa siku, kwa kadiri daftari linavyosomeka.

Kwanza mjue nilialikwa na nani. Mwaka 2022 kulikuwa na mkutano wa uvuvi Mwanza, nami nilipewa kazi ya kuwatembeza wageni kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kati yao alikuwamo mama wa Kimarekani, mtaalamu aliyestaafu wa samoni, samaki anayezaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga na kufa. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanafunzi. Wauza samaki wakamzunguka, mkalimani akawa bado anatafuta maneno, mama akafungua kinywa: "Jambo sana bamama. Ile samaki munauza namna gani?" Mwalo mzima ukaangua kicheko. Kumbe ujanani aliishi Kivu, miaka ile Congo ikiitwa Zaire, akiwafundisha wanakijiji kuchimba mabwawa ya perege. Kiswahili cha Bukavu hakikumtoka tena. Sitamtaja jina. Kwao kila mtu anamwita kwa jina la kwanza, hata watoto, lakini mdomo wangu ulikataa, nikawa namwita Mama Dokta. Ndiye aliyeniandikia: "Kuya mwezi ya kumi, samaki iko napanda."

Ijumaa, 27 Oktoba. Musoma hadi Seattle

Basi hadi Mwanza, ndege hadi Dar, kisha Doha, kisha saa nyingi hewani ambazo sina la kusema juu yake ila kwamba nilikula mara tatu na sikujua kama ni chakula cha mchana au cha usiku.

Kwa atakayefuata: ada ya viza ya matembezi ilipanda mwaka huo kutoka dola 160 hadi 185, na hairudishwi hata ukinyimwa. Usikate tiketi kabla ya viza. Nenda na barua ya mwenyeji inayotaja tarehe. Mimi niliulizwa maswali matatu tu, na moja lilikuwa: "Hakuna samaki Tanzania?"

Uwanja wa ndege wa Seattle una treni ya mjini inayokupeleka katikati ya jiji kwa dola 3. Teksi ingenila zaidi ya 40. Nilifikia kwa binamu yangu Kent, kusini ya jiji, ambako ukikaa kituo cha basi dakika kumi utasikia Kisomali, Kiamhara na, ukiwa na bahati, Kiswahili.

Jumamosi, 28 Oktoba. Milango ya maji ya Ballard

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Jambo sana," akajibu. Huko Kivu hawana marahaba, na yeye hakuwahi kujifunza.

Ballard ni mahali ambapo maziwa ya Seattle yanakutana na bahari. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1917 ili meli zipite, na pembeni yake kuna ngazi ya samaki: vyumba 21 vya zege, kila kimoja kimepanda kidogo kuliko mwenzake, maji yakiporomoka toka juu. Samoni hupanda chumba kwa chumba. Chini ya ardhi kuna chumba chenye kuta za vioo, unasimama gizani na kumwona samaki ubavu kwa ubavu. Kuingia ni bure.

Tulikaa saa nzima tukaona koho wawili, aina mojawapo ya samoni. Ndiyo, wawili. Nilikosea msimu wa mahali hapo: samoni sokai hupita Juni na Julai, samoni mfalme Agosti, koho Septemba. Ukija mwishoni mwa Oktoba unakuta mabaki. Lakini sijutii, maana pale ndipo nilipomwona Mama Dokta kazini, ingawa kazi ameiacha tangu 2017.

Hakusubiri kuulizwa. Baba mmoja alikuwa anamwonyesha mwanawe kioo kitupu, tayari wameanza kuondoka. Mama akasogea, akamwambia mtoto: "Huyu aliyepita sasa hivi hajala kitu tangu atoke baharini. Wewe umekula nini asubuhi?" Mtoto akataja chapati za maji za kwao, zile nene za kumwagia asali. Dakika ishirini baadaye walikuwa bado wako pale, na baba ndiye aliyekuwa akiuliza maswali.

Alisomea uvuvi Chuo Kikuu cha Washington, ambacho kina shule ya fani hiyo tangu 1919. Zamani hapo chuoni palikuwa na kidimbwi maarufu. Mwaka 1949 Profesa Lauren Donaldson aliachia humo vifaranga vya samoni, vikaenda baharini, na vilipokomaa vikarudi kwenye kidimbwi kilekile, katikati ya majengo. Samoni huikariri harufu ya maji aliyokulia na akiwa mkubwa huifuata hadi nyumbani. Mama Dokta akiwa mwanafunzi alikuwa akipita pale na vitabu kwapani, samaki wa kilo kadhaa wanaruka kando yake.

Miaka yake ya mwanzo kazini ilikuwa ya vichwa vya samaki. Vifaranga vya vituo vya kutotolesha samoni hupachikwa puani kipande cha waya chenye urefu wa milimita 1.1, kina alama inayosema kilitoka kituo gani na mwaka gani. Samaki akivuliwa miaka mitatu baadaye, pua inakatwa, waya unatafutwa, unasomwa kwa hadubini. Alisoma nyaya hizo na magamba kwa miaka, akaandika ripoti nzuri. "Ripoti," akaniambia tukiwa tunakunywa kahawa, "zilisomwa na watu kumi na mbili. Niliwajua wote." Hiyo aliisema kwa Kiingereza. Mambo yanayomuuma husema kwa Kiingereza.

Machi 1999 samoni mfalme wa ghuba ya Puget aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kwa sheria ya nchi. Watu wa Seattle walishtuka kwamba samaki anayechorwa kila ukuta wa mji wao anakwisha. Mwaka huo Mama alinunua daftari dogo lenye jalada la kuzuia maji akachora mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto samaki. Kulia watu aliozungumza nao. Sasa yuko kwenye daftari la thelathini na moja. Siku ile ya Ballard aliandika: samaki 2, watu 26.

Jumatatu, 30 Oktoba. Issaquah

Nilipanda basi la 554 kutoka katikati ya Seattle, chini ya saa moja. Nunua kadi ya ORCA siku ya kwanza ukaijaze pesa: inatumika kwenye treni, mabasi na vivuko, na ukibadili basi ndani ya saa mbili hulipi upya.

Issaquah ni mji mdogo wenye kituo cha kutotolesha samoni kilichojengwa mwaka 1936, wakati ukataji wa magogo na uchimbaji wa makaa ya mawe ulikuwa umeshakiharibu kijito. Kiko katikati ya mji kabisa, kama soko. Mwanzoni mwa Oktoba hufanyika sikukuu ya samoni na barabara zinafungwa. Mimi niliikosa kwa wiki tatu, ila nilipata kuona kazi yenyewe bila umati.

Samaki wanazuiwa na kizuizi mtoni, wanapanda ngazi, wanaingia kwenye madimbwi ya zege. Jike aliyekomaa anauawa kwa pigo moja kichwani, tumbo linapasuliwa, mayai yanamwagika kwenye ndoo. Ni ya rangi ya machungwa, makubwa kama punje za mbaazi, yanateleza na kung'aa. Dume anakamuliwa shahawa juu yake, maji kidogo, mkono unakoroga taratibu. Basi. Koho jike mmoja anaweza kuwa na mayai zaidi ya elfu mbili. Kati ya hayo wakirudi wawili tu, mto haujapata hasara.

Kifaranga cha kituoni hukatwa pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia, lile lisilo na mifupa, ili mvuvi akimvua amtofautishe na wa porini. Wa kituoni unakula, wa porini mara nyingi unamrudisha majini. Nikafikiria kuwaambia wavuvi wa mwalo wetu wamrudishe sangara ziwani kwa sababu ya pezi. Nikaacha kufikiria.

Waelezaji pale ni watu wa kujitolea, wengi wastaafu. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege alinieleza mzunguko wa maisha ya samoni kwa ufasaha, kisha akaniuliza kwetu kuna samaki gani anayepanda mto. Nikamwambia habari za ningu. Bibi yangu alizaliwa karibu na mahali mto Mara unapoingia ziwani, na husimulia jinsi mvua za masika zilivyowaleta ningu wakipanda mto kutaga, wengi kiasi kwamba watoto walitumwa na vikapu. Halafu wavuvi wakayapanga makila, nyavu za kunasia, kwenye midomo ya mito, wakiwanasa wenye mayai kabla hawajafika. Hapakuhitajika bwawa wala ukuta, nyavu zilitosha. Mzee yule akatoa kalamu akaandika "ningu" kwenye kiganja chake.

Jumatano, 1 Novemba. Kwenda Port Angeles

Port Angeles ni mji ulio karibu na mto Elwha. Safari hii nilikwenda peke yangu. Mama Dokta alikuwa na darasa la watoto, na nadhani alitaka pia nikaone bila yeye kunieleza.

Njia ya mtu asiye na gari, kwa nauli za wakati ule: kivuko kutoka Seattle hadi kisiwa cha Bainbridge, dakika 35, dola 10 kasoro. Unalipa kwenda tu. Kurudi kwa miguu ni bure. Ukishuka, pale kwenye stendi kuna basi namba 123 la Port Angeles, dola 10, saa mbili na zaidi. Mabasi ni machache kwa siku, kwa hiyo angalia ratiba, na ukiisoma usijichanganye na saa yetu ya Kiswahili. Nasema hivyo kwa sababu najijua.

Njiani tulisimama dakika arobaini, barabara imechimbwa. Dereva akasema kwa upole wa mtu aliyeshalisema mara mia: "Kalvati." Nikadhani ni ukarabati wa kawaida, kumbe kuna kesi nyuma yake. Makabila ya huko yalisaini mikataba na serikali mwaka 1854 na 1855, yakatoa ardhi, yakabakiza haki ya kuvua. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Baadaye makabila yakarudi mahakamani: nusu ya nini, ikiwa kalvati za barabara za jimbo zimekaa juu mno au ni nyembamba mno hata samaki hapiti? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, na kwa sare hiyo hukumu ya chini iliyowapa makabila ushindi ikasimama. Ndiyo maana basi letu lilikuwa limesimama. Nimepita juu ya kalvati maisha yangu yote, kati ya Musoma na Tarime sijui ni ngapi, na sikuwahi kujiuliza samaki anazionaje kutoka chini.

Moteli Port Angeles, dola 94 na kodi ndani. Msimu wa utalii ulikuwa umekwisha. Julai, nasikia, utalipa mara mbili. Supu ya chaza na mkate, dola 13. Mvua usiku kucha.

Alhamisi, 2 Novemba. Elwha

Hapa nitakaa kidogo.

Mto Elwha unatoka milimani kwenye theluji na kuingia baharini baada ya kilomita 70 na kitu. Mwaka 1913 ukuta wa kwanza wa kuzalisha umeme ulikamilika, kilomita 8 tu kutoka baharini. Sheria ya jimbo ilidai ngazi ya samaki, hawakuijenga. Mwaka 1927 ukaongezwa wa pili juu yake, kwenye korongo la Glines, kimo mita 64. Kwa karibu miaka mia samoni waliorudi waligonga vichwa kwenye zege. Watu wa kabila la Lower Elwha Klallam walipoteza samaki, na maji yalifunika pia mahali ambapo kwa imani yao ndipo walipoumbwa.

Bunge lilipitisha sheria ya kuurejesha mto mwaka 1992. Kazi ya kubomoa ilianza Septemba 2011, ukuta wa chini ukaisha Machi 2012, wa juu Agosti 2014. Ishirini na mbili tangu sheria, ukihesabu. Nilitaka kuona mahali ambapo ukuta ulikuwa.

Basi la kwenda Forks, chini ya dola mbili, likaniacha njia panda. Kutoka hapo kilomita tatu kwa miguu hadi maporomoko madogo ya Madison. Gari haliendi mbele zaidi: mto, baada ya kuachiwa, uliichukua barabara. Unapita kijia cha msituni kuzunguka sehemu iliyobomoka, kisha unaendelea juu ya lami isiyo na magari, miti mirefu imejaa kuvu la kijani kama makoti ya zamani. Zaidi ya kilomita tano hadi mahali pa kutazamia. Sikukutana na mtu ila mama mmoja kwenye baiskeli aliyesimama kuniuliza kama nina maji.

Mahali penyewe ni kipande cha bwawa kilichoachwa makusudi. Unasimama juu ya zege, chini yako korongo jembamba, na mto unapita kwa kelele pale ambapo ukuta ulisimama. Ukigeuka upande wa juu unaona bonde pana lililokuwa ziwa. Nilitegemea jangwa. Kulikuwa na miti michanga, vichaka, nyasi, magogo makubwa yametupwa huku na huku, na katikati visiki vyeusi, vipana kama meza, vya miti iliyokatwa kabla ziwa halijajazwa. Vilikaa chini ya maji tangu 1927 hadi bwawa lilipobomolewa, na alama za shoka bado zinaonekana ukitumia darubini. Nyuma ya kuta mbili zile palikuwa pamelala mchanga na tope takribani mita za ujazo milioni 21. Mwingi uliteremka ukajenga ufuko mpya mdomoni mwa mto.

Nilikaa mno. Viatu vyangu, nilivyovinunua Mwanza kwa sababu muuzaji aliapa haviingizi maji, vilikuwa vimejaa. Nilipofika tena barabara kuu basi lilikuwa limepita kwa dakika kumi na tano, na lililofuata ni la jioni. Kosa ni langu. Andikeni saa ya basi la kurudi kwenye mkono.

Nilianza kutembea kando ya barabara, mvua inanyesha. Pikapu ikasimama. Dereva mtu wa makamo, kofia ya besiboli, mbwa mzee kiti cha mbele, ikabidi mbwa ahamie miguuni kwangu. Akauliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akauliza nafanya nini kando ya barabara, nikamwambia nimekwenda kuangalia bwawa ambalo halipo. Akacheka sana. Ni mtu wa kabila la Lower Elwha. Badala ya kuniacha mjini akapita nami hadi ufukweni, kwenye mchanga ulioshuka. "Nilipokuwa mtoto hapa palikuwa mawe matupu," akasema.

Tangu 2011 uvuvi mtoni humo ulisimamishwa, hata kwa wao wenyewe, ili samaki wapate nafasi. Mwezi uleule wa Oktoba nilipokuwa nafunga mizigo Musoma, kabila liliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuvua koho wachache kwa ajili ya mila na chakula. Yeye alipata mmoja. Nikamwuliza alijisikiaje. Akafikiri, akasema: "Nilikuwa nimesahau jinsi ya kushika ndoano kwenye maji yanayokimbia." Aliponishusha moteli akanipa kichupa cha samoni wa kukaushwa kwa moshi. Nilijaribu kumlipa mafuta. Alinitazama kama bibi anavyonitazama nikitaka kumlipa uji.

Yule samaki nilimla usiku ule na mikate ya dukani. Ana mafuta kama sangara mnono, ladha yake kali zaidi, na moshi wa mti ambao siujui.

Ijumaa na Jumamosi, 3 na 4 Novemba

Kurudi, kufua, kukausha viatu kwa magazeti. Kule Tukwila kuna migahawa ya Kisomali: wali na mbuzi dola 18, sahani ya watu wawili, ndizi juu. Ukiwa na hamu ya ugali, sema mapema, wakupikie. Kikohozi kilianza.

Jumapili, 5 Novemba. Bustani ya Carkeek

Jumapili za Novemba, kijito cha Piper's katika bustani ya Carkeek, watu wa kujitolea husimama ukingoni na kuwaeleza wapita njia kuhusu samoni aina ya chamu. Samoni walishatoweka humo. Walirudishwa kuanzia miaka ya 1980, na vifaranga huletwa kutoka kituo cha kabila la Suquamish ng'ambo ya ghuba. Basi la D Line likifika mwisho linakuacha karibu na mlango wa juu wa bustani, kisha unateremka na kijito.

Mama Dokta aliniambia saa nne kamili asubuhi. Nilifika saa nne kamili kwa saa yangu ya mkononi, na hapakuwa na mtu. Usiku ule karibu Marekani nzima ilirudisha saa nyuma. Simu zilijirekebisha zenyewe. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, saa yangu ni ya Kichina na haina habari. Mzee aliyekuwa anatembeza mbwa akanihurumia, akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake. Mbwa tena. Huko huwezi kupata msaada bila kupitia kwa mbwa.

Chamu ni samaki wa milia ya zambarau na kijani, meno yametoka nje wakati wa kutaga. Kijito hakifiki goti. Mgongo wa samaki uko nje ya maji, anajisukuma juu ya kokoto, anapumzika, anajisukuma tena. Jike analala ubavu na kupiga mkia kuchimba shimo la mayai, mapezi yameliwa na mawe hadi nyama nyeupe. Wengine wameshakufa na wanaoza pembeni. Harufu inajulikana kwa mtu wa mwalo.

Ikaja familia kutoka Kent, mama, baba na watoto wanne, wamevaa makoti mapya ya baridi. Nilisikia lafudhi kabla sijaelewa maneno. Mama Dokta alisikia pia. Akageuka: "Munatoka fasi gani? Bukavu?" Yule mama alishika mdomo. Walikuwa wa Uvira. Kwa nusu saa iliyofuata samoni walielezwa kwa Kiswahili cha Kivu kando ya kijito cha Seattle, na mimi wa Kiswahili sanifu nikawa ndiye nisiyeelewa baadhi ya maneno.

Mtoto wa kike wa miaka kama saba akaonyesha samaki aliyekuwa anahema upande. "Atakufa?"

"Ndiyo, atakufa."

"Kwa nini hamumupe dawa?"

Nilisubiri nione mtaalamu wa miaka thelathini na ushee atajibu vipi. Mama Dokta akachuchumaa, magoti yakalia, akamshika mkono akampeleka kwenye mti mkubwa ukingoni, akaweka kiganja cha mtoto kwenye gome. "Huyu muti," akasema, "anakula samaki. Kila mwaka. Mvua inamupeleka ku mizizi. Ukikata huyu muti, batu ba laboratware banaona samaki ndani yake." Na ni kweli, naitrojeni ya baharini imeshapimwa ndani ya miti ya mitoni. Mtoto akaunusa mti. Kisha akatangaza kwamba haunuki samaki, na wote tukacheka, Mama kuliko wote. Hakulazimisha.

Daftari: samaki 19, watu 143.

Ukienda Carkeek: usiingie majini, mayai yamefukiwa kwenye kokoto utakayoikanyaga. Usiende na mbwa asiyefungwa; samoni mbichi wa huko huweza kumuua mbwa.

Jumanne, 7 Novemba. Kijito cha Longfellow

Basi la H Line, Delridge, magharibi ya jiji. Hapa hakuna umati. Kijito kinapita nyuma ya nyumba na karibu na uwanja wa gofu, kimetengenezwa vizuri, miti imepandwa, kuna hata daraja la waenda kwa miguu lenye umbo la mifupa ya samaki. Ungeona ungesema hapa samoni wataneemeka.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulimkuta koho jike akizunguka juu ya maji, kinywa wazi, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Alikuwa mnene, magamba safi, hana jeraha. Akagonga ukingo, akageuka tumbo. Mama akaangalia saa, akaandika. Tulisimama kimya hadi alipokwisha.

Mama ana kibali, kwa hiyo alimtoa, akampasua kwa kisu kidogo cha mpini wa bluu. Mayai yakamwagika yote, hajataga hata moja. Akakata mkia ili mwingine akipita asimhesabu mara ya pili, akamrudisha kijitoni. Asubuhi ile tulipata watano waliokufa; majike wanne, wote na mayai yao.

Hali hii iliwatesa watafiti kwa zaidi ya miaka ishirini. Walitengeneza vijito, samoni wakarudi, kisha wakafa kabla ya kutaga, hasa baada ya mvua. Timu ya Jenifer McIntyre, kule Puyallup, ilikusanya maji ya mvua ya barabarani na kuwaweka humo koho wenye afya: wakafa ndani ya saa chache. Maji yaleyale yalipochujwa kwanza kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, samaki wakaishi. Mchanga na mboji, siyo mtambo. Ikabaki kujua sumu ni ipi kati ya kemikali zaidi ya 2,000. Desemba 2020 timu ya Edward Kolodziej wa Chuo Kikuu cha Washington, Tacoma, akiwamo Zhenyu Tian, ilitangaza jibu: matairi. Mpira huwekwa dawa iitwayo 6PPD usipasuke. Dawa hiyo ikikutana na ozoni ya hewani inageuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni, inabaki kwenye vumbi la tairi barabarani, na mvua inaipeleka kijitoni. Chamu hawadhuriki nayo. Koho wanakufa.

Agosti 2023 makabila ya Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup yaliiomba mamlaka ya mazingira ya Marekani ishughulikie dawa hiyo, na siku niliyokuwa nalowa Elwha, 2 Novemba, ombi lilikubaliwa. Mama alinipa habari hiyo akiwa anasuuza kisu. Nikauliza sasa itachukua muda gani. "Elwha ilichukua ishirini na mbili," akajibu, akafunga begi.

Alikuja kijana anakimbia mazoezi, masikio yamezibwa na muziki. Mama akampungia hadi akasimama, akamwonyesha samaki. Kijana akaangalia, akauliza gari la umeme nalo lina shida hiyo. Lina matairi, akaambiwa. Akasimama kidogo, akaendelea kukimbia, polepole kuliko alivyokuja.

Samaki 6, watu 3. Nilimuuliza kama nami nimo kwenye hao watatu. Akasema wa pili.

Jumamosi, 11 Novemba. Kurudi

Uwanja wa ndege, foleni, Doha, Dar. Sokoni Pike Place nilikuwa nimeona koho, fileti, dola 22 kwa ratili, nikapiga picha nikaondoka.

Gharama kwa wanaopiga hesabu: tiketi dola 1,480, viza 185, safari nzima ya Elwha na malazi ya siku mbili karibu 220, usafiri wa mjini kwa wiki mbili 61. Chakula sikuandika, kwa sababu kwa binamu nilikula bure na kwingine nilikula mno. Ukitaka kuona samoni wengi kwa siku chache, njoo katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Oktoba kwa Ballard na Issaquah, au wiki ya tatu ya Novemba kwa Carkeek. Viatu vya mpira, siyo vya kuapiwa.

Mwisho wa Novemba nilipata ujumbe. Umenikuta kwenye daraja la pale Kirumi, kati ya Musoma na Tarime, basi limesimama, nimeinama dirishani natazama mto Mara:

"Mvua imeanguka mingi. Leo samaki 212, batu 9. Baridi iko kali, benye akili babakia ku nyumba."